Gari la michezo la haibridi: kabla ya kuuliza nguvu farasi, kanyaga breki

Barua za wasomaji kuhusu magari ya michezo ya haibridi, yaani yenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, zimekuwa nyingi, na karibu zote zinalia na jambo moja. Si uhai wa betri. Si mafuta. Wala si bei, ingawa bei nitaifikia kwa sababu hasira ninayo. Watu wanalalamikia breki. Gari linasimama, hakuna anayesema halisimami, ila likibakiza mita chache linashtuka, au kanyagio linakuwa laini ghafla katikati ya kona, au leo linauma mapema na kesho linachelewa. Wanapeleka kwa fundi, fundi anapima, anasema breki ni nzima. Na kweli ni nzima. Hivyo ndivyo gari lilivyoundwa.

Kwa hiyo humu hutakuta sekunde za kufika kilomita 100 kwa saa, ukubwa wa skrini wala idadi ya spika. Hayo yamejaa kwenye brosha. Nimeyapanga magari kwa kanyagio la breki, na pale ambapo moyo wangu umeingilia nitasema.

Kwenye gari la kawaida mguu unasukuma mafuta ya breki, mafuta yanasukuma pedi, pedi zinabana diski. Unachokanyaga ndicho unachopata. Haibridi ina njia mbili za kupunguza mwendo. Ukigusa breki kidogo, mota ya umeme inageuka jenereta: inalivuta gari nyuma na kuurudisha ule mwendo kwenye betri kama chaji. Pedi bado hazijagusa kitu. Ukikanyaga zaidi, au gari likishuka hadi mwendo wa kutembea, mota haina tena uwezo wa kulizuia, na kompyuta inaziita pedi. Uchungu wote uko hapo kwenye kupokezana. Zaidi ya hayo, kwenye mengi ya magari haya mguu wako hausukumi pedi moja kwa moja. Unasukuma springi iliyotegwa ili uhisi ukinzani, sensa inasoma umekanyaga kiasi gani, kisha kompyuta inagawa kazi kati ya mota na pedi. Njia ya haidroliki, yaani ya mafuta ya breki moja kwa moja toka mguuni, ipo, lakini imewekwa akiba kwa siku ambayo umeme utakata.

Kwenye gari la kupeleka watoto shule hili ni dogo. Kwenye gari la michezo ni kubwa kuliko injini. Dereva anayejua kazi yake anaingia kona mguu ukiwa bado kwenye breki, anauachia polepole, uzito unabaki kwenye tairi za mbele na pua ya gari inageuka. Breki pale ni nusu ya usukani. Kanyagio likibadilisha maana katikati ya kona, mikono nayo inapotea, na gari ulilolipia kwa ajili ya kona unaliendesha kwa woga.

Sasa sikiliza jambo ambalo hakuna muuzaji atakwambia. Betri ikijaa, mota haina pa kupeleka umeme. Breki ya umeme inapungua au inazimwa kabisa, na pedi zinafanya kazi yote. Kwa hiyo gari la kuchomeka, yaani linalochajiwa kwa waya, ukilijaribu likiwa limetoka kuchajiwa usiku kucha, litakupa kanyagio safi la kizamani. Utalisifu, utatia saini, kisha siku betri ikiwa nusu ndipo utakutana na gari lenyewe. Sisemi wauzaji wanafanya makusudi. Nasema tu kwamba sijawahi kusikia muuzaji akimkabidhi mteja gari la majaribio lenye betri nusu.

Kabla ya orodha, niondoe swali linalorudi kila mara: je, wakubwa wawili wakiungana hawatatupa haibridi ya michezo yenye bei ya kibinadamu? Tulishawahi kutumaini. Toyota na BMW walianza na makubaliano mwishoni mwa 2011, wakayapanua Juni 2012, na Januari 2013 wakatia saini ya kuchunguza uwezekano wa kujenga gari la michezo pamoja, huku kwenye kapu hilohilo kukiwa na teknolojia ya haidrojeni na utafiti wa betri. Toyota ndiye mwenye Prius, haibridi yake maarufu, na BMW alikuwa anaiandaa i8, gari lake la michezo la haibridi. Nani asingetegemea haibridi? Fahari wawili hawakai zizi moja, walisema wahenga. Hawa walikaa, ila kila mmoja aliondoka na ndama wake. BMW akatoa Z4 ya wazi, Toyota akatoa GR Supra mwaka 2019, zote zikiunganishwa na Magna Steyr mjini Graz, Austria, na Supra ikiwa na injini za BMW. Ile ya silinda sita ni tamu sana. Mota ya umeme ya kuendesha magurudumu, hakuna. Toyota na Subaru walifanya hivyohivyo na 86 na BRZ kuanzia 2012: injini bapa ya Subaru, yenye silinda zilizolala, mfumo wa Toyota wa kuingiza mafuta kwenye injini, haibridi hakuna. Ukweli ni kwamba gari la michezo huuzwa kwa idadi ndogo, na ushirikiano wa namna hii huwa ni wa kugawana gharama ya chesi na kiwanda. Kuongeza betri na mota kunaipandisha tena gharama ileile waliyokuwa wanaikimbia. Ukitaka haibridi iliyozaliwa na nyumba mbili leo, ipo Aston Martin Valhalla, yenye injini ya V8, yaani ya silinda nane, kutoka Mercedes-AMG na mota tatu, itakayotengenezwa 999 tu. Mwenye kuinunua hahitaji ushauri wangu.

1. Honda Prelude

Ndiyo, nimeiweka Honda juu, na mnaonijua hamkushangaa. Mimi ni mtu wa Honda. Lakini nina sababu. Honda wamekuwa wakitumia breki inayotenganisha mguu na pedi kwa zaidi ya miaka kumi, wakaipeleka hadi kwenye NSX ya pili iliyoanza 2016, ile ya V6 na mota tatu, na inaonekana wamejifunza. Prelude iliyorudi sokoni mwaka 2025 inatumia mfumo wa haibridi wa Civic: injini ya lita 2.0, mota mbili, nguvu farasi 200. Breki za mbele ni Brembo za Civic Type R, ile Civic ya kasi, na hata sehemu kubwa ya miguu ya gari, yaani suspensheni, imetoka huko. Kupokezana kati ya mota na pedi kupo, ila kumelainishwa kiasi kwamba unahitaji kukutafuta.

Haina gia halisi. Kuna programu inayoigiza gia nane, na wapo watakaoichukia. Mimi inanipunguzia kelele za kuwaza nipo gia gani ili nishughulike na breki. Nguvu farasi 200 ni chache? Kwenye barabara yenye kona, hutazimaliza.

2. McLaren Artura

Kwa haki ya kanyagio peke yake, hii ndiyo ya kwanza, wala haina mpinzani. McLaren walifanya jambo ambalo wengine waliliogopa: wakaacha kabisa kukusanya umeme kwenye breki. Kanyagio linasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pedi, basi. Betri ya kWh 7.4 inachajiwa kwa waya au na injini. Usukani nao wameuacha wa haidroliki. Ni gari la 2021 linaloheshimu mguu kuliko mengi ya zamani.

Mbona basi ni ya pili? Kwa sababu ni haibridi inayotupa nusu ya faida ya kuwa haibridi: kila unapokanyaga breki unapoteza joto hewani kama gari lolote. Na kwa sababu mwongozo ni wangu.

3. Porsche 911 Carrera GTS

Ile ya 2024 yenye mfumo wanaouita T-Hybrid. Wapenzi wa 911 walipiga mayowe iliposemekana inakuja, na sasa wamenyamaza. Injini ni ya lita 3.6, tabo (turbo) moja ya kupuliza hewa kwenye injini, yenye mota yake ndani ili ianze kupuliza bila kusubiri, na mota nyingine ndogo ya kW 40 ndani ya gia. Betri ni ya kWh 1.9 tu, haichomekwi popote, na gari haliwezi kwenda kwa umeme peke yake. Jumla ni nguvu farasi 541, na uzito umeongezeka kilo 50 hivi.

Udogo huo ndio siri yake. Mota ya kW 40 haiwezi kupokonya pedi kazi nyingi, kwa hiyo cha kupokezana ni kidogo. Ungedhani ni 911 ya kawaida iliyoamka vizuri. Naiweka chini ya Artura kwa sababu ya orodha ya vitu vya kulipia pembeni, ambayo kwa kampuni hii imekuwa ugonjwa. Unanunua gari, kisha unalinunua tena kipande kipande.

4. Chevrolet Corvette E-Ray

Injini ya V8 ya lita 6.2 inasukuma nyuma, mota ya nguvu farasi 160 inavuta mbele, jumla 655. Ni Corvette ya kwanza kuendeshwa na magurudumu yote manne. Diski ni za kaboni na kauri bila kulipia zaidi, na kwa hilo nawavulia kofia. Kanyagio ni la umeme, na lina nguvu isiyokwisha, lakini halizungumzi. Unajua gari litasimama. Hujui tairi za mbele zinasemaje. Kwa safari ndefu za kasi ni zuri mno. Kwa kona za kubana, ningebaki na Prelude na kuweka salio mfukoni.

Baada ya hapo ngazi inashuka haraka. Lexus LC 500h ni gari zuri kuliko yote humu kwa macho, na nikiambiwa nichague la kutazama tu ningelichagua. Lina uzito wa karibu tani mbili, na kanyagio lake lina ule ulaini wa haibridi za Toyota ambao kwenye Prius hauudhi mtu. BMW i8, iliyotengenezwa Leipzig kuanzia 2014 hadi 2020, sasa inapatikana kwa mkono wa pili, na milango yake bado inakusanya watu. Injini ya silinda tatu nyuma, mota mbele, na wewe katikati ukijaribu kuelewa nani anapunguza mwendo. Nunua kwa ajili ya milango.

Wa bajeti ndogo: Honda CR-Z ya mkono wa pili, yenye gia sita za kubadilisha kwa mkono. Mota yake ni ndogo, haisumbui breki, na gari lenyewe halina kasi. Ndiyo hiyo tu.

Sasa wauzaji. Kuna mchezo wa kujumlisha ambao umenichosha. Mfumo wa Prelude una injini ya nguvu farasi 141 na mota ya 181. Muuzaji mmoja alimjumlishia msomaji wangu, akampa 322. Si kweli, kwa sababu viwili hivyo havifiki kilele kwa wakati mmoja, na mara nyingi injini iko pale kuilisha mota umeme; kiwanda chenyewe kinasema 200. Kwenye E-Ray kujumlisha kunakubali: 495 na 160 ni 655. Kwa hiyo hakuna kanuni moja, na mtu anayeuza anatakiwa kulijua gari analouza. Usikubali hesabu ya mdomoni. Dai karatasi ya kiwanda yenye nguvu ya mfumo mzima.

Kuna na wale wanaopandisha juu ya bei ya kiwanda kwa kisingizio kwamba magari yamekuja machache. Machache kwa nani? Gari likikaa pale hadi vumbi litulie kwenye boneti, uchache umekwenda wapi? Halafu haohao wanakunyima majaribio ya maana: unazungushwa mtaa mmoja, muuzaji pembeni anasifu viti.

Fanya hivi. Omba gari lenye betri nusu, na kama ni la kuchomeka sema hivyo siku moja kabla. Toka kwenye kilomita 60 kwa saa, kanyaga breki kwa uzito uleule bila kubadilisha hadi lisimame, na usikilize zile mita za mwisho. Rudia ukiwa kwenye kona pana. Rudia ukivuka tuta dogo au kiraka cha lami huku umekanyaga, maana tairi ikipoteza mshiko sekunde moja kompyuta nyingi huiachia mota na kuziita pedi papo hapo, na huko ndiko utaonja mshtuko ambao barua zile zinausema. Tafuta kitufe cha kupunguza nguvu ya breki ya umeme, halafu anza upya.

Kwa gari la mkono wa pili, piga tochi kati ya matundu ya magurudumu uone diski. Kwa kuwa mota inafanya kazi nyingi, pedi hukaa bila kusugua, diski zinashika kutu na kuwa na mabaka, hasa za nyuma. Muuzaji atakuonyesha pedi nene na kukwambia dereva alikuwa mpole. Pedi nene juu ya diski yenye mabaka maana yake ni diski mpya, na gharama hiyo iwe ya kwake. Uliza pia mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Yanavuta unyevu hata kama hukanyagi, na wenye haibridi huyasahau kwa sababu pedi hazichakai haraka.