Kipimo cha projesteroni: maabara iliyoniuliza kwanza tarehe ya hedhi

Naandika kwa ajili ya dada zangu wanaotafuta mtoto na wameandikiwa kipimo hiki cha damu, kinachopima homoni ya projesteroni. Maabara ninayoisifu iko hapa Dar es Salaam, na kilichonifanya niiamini ni swali la dada wa mapokezi: "Hedhi yako ya mwisho ilianza lini, na mzunguko wako huwa wa siku ngapi?"

Nilikopima kwanza hakuna aliyeuliza. Fomu ilisema siku ya 21 ya mzunguko, ukihesabu tangu hedhi ianze, damu ikachukuliwa siku ya 21, majibu yakaja ya chini, nikaambiwa mayai yangu hayapevuki. Nililia sana, na kumbe siku ya 21 inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28! Projesteroni hupanda yai likishatoka, na hufika juu kabisa kama siku saba kabla ya hedhi inayofuata. Mzunguko wangu ni wa siku 35, kwa hiyo siku yangu ni ya 28. Mara ile walipima homoni ambayo haijapanda bado.

Hapa walinipangia tarehe upya. Mtaalamu akaniambia nile kama kawaida, kisha akauliza kama nameza vidonge vya nywele vyenye biotini (aina ya vitamini), kwa sababu vinaweza kuvuruga majibu kwenye baadhi ya mashine. Sindano ilikuwa moja tu, mkononi. Na kwenye fomu akaandika siku ya mzunguko, jambo ambalo nalithamini kuliko yote, maana bila hiyo daktari ataisomaje namba?

Nilipata nanogramu 11 kwa mililita. Ikizidi 3, daktari alinieleza, ni dalili kwamba yai limetoka. Angalieni sana kipimio kilichoandikwa: maabara nyingine hutoa nanomoli kwa lita, ambako 11 yangu ingesomeka kama 35. Msilinganishe namba na shoga yako kabla ya kuangalia hapo.

Majibu yalichelewa hadi kesho yake ilhali waliahidi jioni, na kwa mtu anayesubiri habari kama hii usiku huo ni mrefu. Warekebishe.

Kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu mirija ya uzazi wala mbegu za mwanaume. Mume wangu ameshaandikiwa chake, na tutakipima hapo hapo.