Kipimo cha DNA cha bangi: nyota mbili, moja ni ya kile kichupa

Kwanza msinianze, naishi Toronto, huku bangi ni halali tangu 2018, inauzwa dukani na risiti unapewa. Pakiti ya pipi za bangi kisheria haizidi miligramu 10 za THC, kile kitu kinacholewesha, basi mimi na binamu yangu tukagawana moja nusu kwa nusu. Yeye kala yake kaenda kupika pilau zake. Mimi saa nzima na nusu kimya, nikaona hii feki, mara moyo ukaanza kwenda mbio nimeshikilia sinki kwa mikono miwili nasikia mpaka friji inavyopumua, na ikanikalia mpaka alfajiri.

Ndo nikanunua hiki kipimo, kinasoma jeni zako kikwambie mwili wako unaipokeaje bangi, dola 140 na chenji. Unatema mate kwenye kichupa mpaka ifike mstari na povu halihesabiwi, wallahi nilikaa robo saa nawaza ndimu na chumvi. Waliahidi wiki tatu, zikawa saba.

Ripoti yenyewe ni rangi za taa za barabarani. Ukurasa wa maana ni ule wa jeni ya CYP2C9, maana hiyo ndo inatengeneza kimeng'enya cha ini kinachoivunja THC, na ukila badala ya kuvuta yote inapitia ini kwanza, inageuzwa kitu kingine ambacho nacho kinalewesha. Aliyerithi aina ya *3 kwa baba na kwa mama, THC kwenye damu yake inaweza kufika kama mara tatu ya mwenzake na wamekula sawasawa. Hapo nikasema sawa, nimejipata.

Nikaambiwa kijani, "kawaida". Kawaida ya nani? Nikashuka mpaka maandishi ya sisimizi kule chini: wamepima *2 na *3 tu. Hizo ni za Wazungu zaidi, sisi Waafrika zinazotuangukia ni kina *5, *6, *11 na hasa *8, na sio siri, madaktari wanazijua kupitia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, inavunjwa na kimeng'enya hichohicho. Na kwenye fomu waliniuliza asili yangu! Nikajaza Afrika Mashariki, wakakata hela.

Halafu kuna jeni nyingine, AKT1, wamenipigia nyekundu kubwa kwamba bangi itanivuruga akili. Tafiti zenyewe kuhusu hiyo jeni hazijakubaliana, na hakuna aliyeniuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuugua akili, swali ambalo daktari yeyote angeanza nalo. Mtu mwoga akiifungua hiyo usiku peke yake hapati usingizi.

Kichupa ni kizuri lakini, kifuniko hakivuji.

Nimewaandikia kuhusu *8, wamenijibu kwa kuponi ya asilimia 15 nimnunulie ndugu yangu. Nimemfowadia binamu, kasema mate yake hayauzwi.