Nimetumia bunduki ya leva, hizi mpya, siku 4: uzoefu wangu

Nimerudi Nairobi hii ni wiki ya tatu na bado naiwaza hii bunduki. Nilikuwa Texas kwa binamu yangu, anaishi karibu na Llano, kaskazini-magharibi mwa Austin, na huko nguruwe mwitu wamejaa mpaka wenye mashamba wenyewe ndio wanakubembeleza uje, juu usiku mmoja tu kundi linageuza malisho yote yanakaa kama yamepitiwa na trekta. Kitu moja mjue mapema kama mnaenda na viza ya kutembea, sheria yao inakataza mgeni kama huyo kushika bunduki isipokuwa awe na leseni halali ya kuwinda, kwa hivyo kabla sijagusa chochote tulipitia dukani kwanza tukakata leseni.

Sasa binamu ana bunduki mbili. Ya kwanza ni ya boliti, ile ya kuvuta kipini cha ubavuni kila ukipiga, nzuri sana, lakini mimi natumia mkono wa kushoto na boliti iko upande wa kulia, kila nikipiga lazima nitoe shavu kwa kitako, nivukishe mkono, nivute, nirudishe, na nikiangalia tena nguruwe ashahama. Ya pili ndiyo hii ya leva. Ile unaona kwa picha za makauboi, iko na chuma kama pete ndefu hapo chini ya triga, unasukuma mbele ganda linaruka nje, unarudisha, risasi mpya iko ndani na nyundo imekoki. Leva iko katikati, haijali wewe ni wa kulia au wa kushoto. Shavu halitoki. Risasi ya pili nilikuwa nayo tayari kabla hata binamu hajamaliza kusema "piga tena".

Lakini hii si ile ya babu. Chuma chote ni cha steini hakishiki kutu, kitako ni mbao za kugandishwa tabaka kwa tabaka hazipindwi na mvua, juu kuna reli ndefu ya kufunga skopu au ile ya kulengea yenye doti nyekundu, na mdomo wa mtutu umechongwa nyuzi za kufunga sailensa, huko Texas wanaruhusiwa kuwinda nayo. Leva yenyewe imetanuliwa vidole vyote vinaingia hata ukivaa glavu. Na mashine ya ndani, manze, wazo ni lile lile la bunduki za leva za zamani, Henry ya 1860 na Winchester ya 1873. Hapo ndipo mimi naona wametumia akili, wameondoa kilichokuwa kinasumbua wakaacha kile watu wanapenda. Watu walidhani hizi bunduki zinaisha, kampuni ya bunduki ya Remington ikafilisika 2020 na Marlin, watengenezaji wa hizi za leva, ilikuwa chini yake, lakini kampuni nyingine, Ruger, ikainunua Marlin mwaka huo huo na modeli ya kwanza waliyoamua kurudisha ilikuwa ile inaitwa 1895, ya steini yenye reli. Kampuni hairudishi kitu ambacho watu hawaulizii.

Kaliba niliyopiga, yaani saizi ya risasi, ni .45-70, risasi ya tangu 1873, nene kama kidole changu kidogo. Inagonga bega vibaya, nisiwafiche. Bunduki ni nyepesi, kilo 3 na kidogo, kwa hivyo nguvu yote inarudi kwako, na siku ya kwanza baada ya risasi 20 za kupiga sahani za chuma bega lilikuwa limevimba. Pia usitarajie kupiga mbali, ikipita mita 150 risasi inaanza kushuka haraka. Msituni kwenye miti ya mwaloni hiyo si shida, nguruwe wangu alikuwa mita 60 hivi.

Kujaza ndiko kulinitesa. Risasi unazisukuma moja moja kupitia kidirisha kidogo cha ubavuni kiko na springi kali, na ukingo wake ulinichana kidole gumba mpaka nikafunga plasta. Binamu alinifundisha, usiingize risasi mpaka mwisho, acha kipande kidogo nje halafu risasi inayofuata ndiyo isukume ile ya mbele. Baada ya hapo ikawa rahisi. Risasi zinalala kwa bomba chini ya mtutu, ncha ya moja inagusa kitako cha nyingine pale penye kiwashio, ndiyo maana miaka yote zilikuwa na pua bapa, ncha ya chuma iliyochongoka ingeweza kuwasha ile ya mbele. Hornady, kampuni ya risasi, walipotoa zile zenye ncha laini kama mpira ndiyo watu wa leva wakapata risasi iliyochongoka inayokata hewa vizuri bila hiyo hatari.

Wakenya wenzangu wataniuliza hii inatuhusu nini na hapa kwetu uwindaji wa wanyama ulifungwa 1977. Inatuhusu. Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909 na mtoto wake Kermit walikuja na Winchester za leva, modeli ya 1895 ya Winchester wenyewe, si ile ya Marlin, kaliba .405, na ndiyo aliipenda kwa simba. Na mjomba wangu wa Kayole alibeba bunduki za wazungu wa safari mpaka ule mwaka kazi ikaisha. Nilimpelekea video Jumapili. Nikamwambia, "Mjomba, angalia hii." Akaweka miwani, akashika simu karibu na sikio badala ya macho.

"Rudisha hapo inapokoki."

Nikarudisha mara tatu. Akasema wakati wake wengi walikuwa na boliti na zile za mitutu miwili, leva aliziona chache tu, lakini mlio huo wa chuma mbele-nyuma hakuusahau, na mkono wake wa kulia ukawa unaenda vile vile hewani, vidole vitatu vimekunjwa. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mtu mwingine ameniuliza, "Ulimwangusha kwa ngapi?" Nikamwambia moja, nyuma ya bega. Akaitikia kwa kichwa, akauliza kama nyama tulikula. Tulikula, mjomba, binamu aliichoma polepole siku nzima.

Nikirudi nitaomba ya .30-30, kaliba ndogo zaidi, bega litapumua na kwa nguruwe wa mita 60 inatosha kabisa. Ila iwe ya leva.