Uzoefu wangu: pampu ya salbutamoli na chupa ya maji ya nusu lita

Nimeitumia pampu ya salbutamoli, dawa ya kuvuta kwa mdomo inayofungua njia za hewa kifuani, kwa miezi kumi na minne sasa, hapa Mafinga, na kama ningeandika tathmini hii baada ya mwezi wa kwanza ningesema kwamba ni kupoteza fedha bure. Baadaye nilitambua kuwa kosa halikuwa la dawa, na nina hakika wapo wengine wanaoitumia kama nilivyokuwa nikiitumia mimi, kisha wanaitupa kabatini na kurudia dawa za maji za kikohozi.

Mimi ni mtunza hesabu katika yadi ya mbao, kwa hiyo vumbi la msumeno ni jirani yangu wa kila siku. Nyumbani nilikuwa napikia mkaa, na kipupwe kikishaingia, ukungu unapokaa hadi saa nne asubuhi, nilikuwa na desturi ya kuliingiza jiko sebuleni ili watoto waote moto wakisoma. Sijawahi kuvuta sigara hata siku moja. Hata hivyo nilikuwa nakohoa kila asubuhi makohozi mazito, tangu Mei hadi Agosti, miaka mitatu mfululizo, na kila nilipokwenda duka la dawa nilipewa antibayotiki: mara amoksilini, mara zile za vidonge vitatu. Nafuu niliyoipata niliihesabia dawa hizo, ilhali mkamba wa ghafla, yaani uvimbe wa njia za hewa za mapafu, kwa kawaida huletwa na virusi, ambavyo antibayotiki haziviwezi, na kikohozi chake huisha chenyewe baada ya wiki mbili au tatu.

Julai ya mwaka jana nilibanwa kifua usiku hadi nikasikia mluzi ndani yangu mwenyewe, na kesho yake nikapanda basi kwenda hospitali Iringa mjini. Walianza kwa kupima makohozi ili kuondoa shaka ya kifua kikuu, kipimo ambacho katika vituo vya serikali ni bure na ambacho mtu yeyote aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kukifanya bila kuona haya. Majibu yalitoka salama, na picha ya kifua haikuonyesha nimonia. Daktari aliniuliza habari za moshi kabla hajaniuliza habari za sigara, akanieleza kwamba mtu anayekohoa makohozi siku nyingi, kwa angalau miezi mitatu kwa mwaka na kwa miaka miwili mfululizo, huhesabiwa kuwa na mkamba sugu. Akaniandikia pampu: mipulizo miwili ninapobanwa, isizidi mara nne kwa siku.

Niliinunua kwa shilingi 10,000. Ina mipulizo 200, kila mmoja mikrogramu 100, na karatasi ya maelezo ya Kiingereza yenye herufi za ukubwa wa punje za ulezi. Dirishani nilipokabidhiwa, katika duka ambalo sina haja ya kulitaja, hakuna aliyenionyesha namna ya kuitumia, nami sikuuliza, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na foleni na kwa sababu niliona aibu. Mwezi mzima nilifungua mdomo, nikabonyeza, kisha ndipo nikavuta pumzi. Ulimi ulipata uchungu, koo likawasha, mikono ikatetemeka, na kifua kikabaki vilevile.

Aliyeniokoa ni wifi yangu, muuguzi wa Mbeya, aliyekuja kwetu msibani mwezi wa Agosti. Alinitazama nikibonyeza mara moja tu, akasema, “Wifi, hiyo dawa unaila, huivuti.” Akaagiza mtoto akalete chupa tupu ya maji ya nusu lita. Aliiosha kwa maji ya sabuni, akaiacha ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa, kwa kuwa kuifuta kunaitia plastiki umeme unaovuta chembe za dawa zikaganda ukutani mwa chupa. Kisha akapasha ncha ya kisu kwenye makaa, akatoboa kitako cha chupa tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, akaichomeka na kuizungushia plasta hadi hewa isipenye pembeni. Nilitikisa pampu, nikatoa pumzi yote, nikafumba midomo kwenye shingo ya chupa, nikabonyeza mara moja na kuvuta taratibu mara tano, nikangoja kama dakika moja, nikarudia. Ndani ya chupa dawa hupunguza kasi, kwa hiyo haigongi koo bali hufuata pumzi hadi kwenye vijia vyembamba vya mapafu. Baada ya robo saa ule mluzi ulikuwa umekatika, nikalala chali kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Sasa kasoro zake, maana zipo. Dawa hii hufungua njia za hewa kwa saa nne hadi sita tu. Haiponyi mkamba wala haiondoi makohozi. Moyo hunienda mbio nikiizidisha. Pampu yangu haina kihesabio, kwa hiyo huwezi kujua imebaki kiasi gani, na mimi kwa mazoea ya kazi nimeifungulia ukurasa katika daftari, kila mpulizo mstari mmoja. Kuna pia maneno ya watu. Kazini niliambiwa kwamba ukianza pampu huachi tena, hata nikawa naivutia chooni. Salbutamoli haimfanyi mtu mteja wake. Ila ukijikuta unaihitaji mara nyingi kuliko kawaida, hiyo ni dalili kwamba kifua kinazidi kuharibika, nawe rudi kwa daktari siku hiyohiyo. Na asiyeweza kumaliza sentensi moja bila kuhema, au anayetema damu, au ambaye midomo imegeuka rangi ya buluu, asikae nyumbani akihesabu mipulizo.

Chupa nayo hupasuka kwenye tundu baada ya miezi miwili hivi, lakini kwa shilingi 500, na maji yake umekunywa, siwezi kulalamika.

Haki inanitaka niseme kwamba sifa zote si za pampu. Wifi alipoona jiko sebuleni alilitoa nje kwa mikono yake, akanigombeza kuhusu hewa ya mkaa isiyo na harufu, ambayo huua watu waliolala katika vyumba vilivyofungwa, jambo ambalo nilikuwa nalijua na kulipuuza kama wengi tunavyolipuuza huku kwenye baridi. Desemba nikanunua mtungi wa gesi wa kilo 6, na kazini nikahamishia meza yangu upande wa geti, mbali na msumeno.

Daftari linasema hivi: Agosti ya mwaka jana, mipulizo 130, Agosti ya mwaka huu, 38. Kikohozi cha alfajiri, kile cha kabla ya chai, bado ninacho, na kwa hicho pampu haijanifaa chochote.