Spana nilizotumia kwenye Land Rover ya zamani: zipi nimezipenda, zipi nimeziacha

Nina Land Rover Series IIA, zile za miaka ya 60, na nimekua naifungua mwenyewe kidogo kidogo kwa mwaka na nusu sasa. Leo nataka niongelee spana tu, maana kiukweli spana ndio zilizonitesa kuliko gari lenyewe, na naona watu wengi wanaanza kama nilivyoanza mimi.

Seti yangu ya kwanza ilikua lile boksi kubwa la plastiki, vipande 108, linang'aa, ukilifungua unaona soketi zimepangwa, biti, plaizi, racheti mbili, unasema basi hapa nimemaliza kila kitu. Nililitumia miezi minne tu. Vile vipande 108 zaidi ya nusu ni biti ndogo ndogo ambazo kwenye gari la umri huu hazina pa kuingia kabisa, na soketi zote ni za milimita wakati gari ni la Muingereza na bolti zake ni za inchi.

Sasa mtu atakwambia milimita inakaribia, weka tu. Ngoja nieleze kilichonipata. Kuna bolti moja chini ya injini, kichwa chake ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Namba 12 haiingii, namba 13 inaingia inacheza kidogo tu, ukiishika kwa mkono unaona kama imekaa. Nikalala chini ya gari, nikavuta, nikasikia ile "tak", nikajua imeachia kumbe ni kona za kichwa ndio zimelika. Nikavuta tena, ikazunguka tupu. Hiyo tofauti hata nusu milimita haifiki, ni sehemu 3 tu za kumi za milimita, lakini kwenye bolti iliyoshikwa na kutu miaka yote hiyo inatosha kabisa kuharibu kichwa. Bolti moja nilihangaika nayo siku nzima, nikaishia kuitoa na tupa na koleo ya kubana.

Namba zingine kweli zinalingana, 3/4 ya inchi ni milimita 19 na kitu kidogo sana, 5/16 ni karibu sawa na 8, hizo natumia bila wasiwasi. Ila 9/16 usijaribu, 14 haiingii na 15 inakula kona.

Nikanunua seti ya inchi, zile zinazoandikwa AF, yaani namba ni upana wa kichwa cha bolti kutoka ubavu mpaka ubavu, nikadhani nimepona. Injini ikaenda vizuri, bodi vizuri, nikafika kwenye gia boksi, spana hazikai tena. Hapo ndio nilijifunza habari ya Whitworth, na naomba uisome hii hata kama mengine utayaruka. Huyu Joseph Whitworth, mhandisi wa Kiingereza, alitoa vipimo vyake vya nyuzi za bolti mwaka 1841, na Waingereza wakavitumia miaka mingi sana, alafu mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada wakakubaliana kutumia nyuzi za aina moja, ndio hizi za UNF (nyuzi laini) na UNC (nyuzi pana), na vichwa vyake ndio vya spana za AF. Viwanda havikubadilisha vyote kwa siku moja, kwa hiyo gari kama langu lina bolti mpya na bolti za mfumo wa zamani kwenye mwili mmoja, unaweza kufungua mbili zinazofuatana na kila moja ikataka spana yake.

Na kinachochanganya zaidi ni kwamba kwenye spana ya Whitworth ile namba haimaanishi upana wa mdomo, inamaanisha unene wa bolti. Spana imeandikwa 1/4 W ukiipima mdomo ni milimita 13.3. Namba 13 haiingii, 14 inacheza, nusu inchi ya AF haiingii, yaani hakuna cha kudanganyia. Mimi sikununua seti nzima, nilichukua spana ringi nne za zamani zilizotumika, zimechakaa rangi lakini midomo mizima, na hizo nne zimenifanyia kazi kuliko boksi lote la kwanza. Kabla hujaweka spana piga brashi ya waya kwenye kichwa cha bolti uangalie, UNF nyingi zina kishimo cha duara juu ya kichwa au viduara vimeshikana kama mnyororo pembeni. Ukiona hivyo shika AF.

Kuhusu soketi, chukua za pembe 6, achana na za pembe 12 kwa kazi ya kufungua kutu. Ya pembe 6 inashika ubavu wa kichwa, ya 12 inashika karibu na kona na kona ndio zimeshalika tayari. Racheti nayo, ule mpini wa soketi wenye meno ndani, ile ya mwanzo ilikua na meno 24, kila hatua lazima uzungushe digrii 15, kwenye sehemu finyu huna hiyo nafasi. Ninayotumia sasa ina meno 72, digrii 5 tu inashika, naipenda sana. Ila sifungulii nayo bolti ngumu, nalegeza kwanza na mpini mrefu usio na meno alafu racheti inamalizia.

Kitu ambacho sikutegemea kukipenda ni bisibisi ya kugonga, ile unaipiga na nyundo inazunguka kidogo yenyewe. Dramu za breki za hii gari zimeshikwa na skrubu tatu za mfereji zilizozama, bisibisi ya kawaida inateleza na kupanua mfereji. Nilipulizia mafuta ya kutu jioni, asubuhi nikaweka ile bisibisi, nyundo mara tatu, skrubu ikaachia. Zote tatu zikatoka nzima na nimezirudisha zile zile.

Kwa paipu za breki nunua spana ya mdomo uliokatwa, ni kama ringi lakini ina uwazi wa kupitisha paipu. Nati zile ni laini, spana ya kawaida inashika pande mbili tu inazibonyeza, na spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, ndio usiipeleke huko kabisa, breki ni uhai wa mtu.

Alafu habu, yaani kitovu cha gurudumu. Nilipofungua habu ya mbele nikakuta nati kubwa mbili na wosha ya kukunja katikati, na nati ya nje ina makovu ya tindo kila ubavu, yaani aliyekuwepo kabla yangu alikua anaifungua kwa kuigonga. Iliniuma kweli. Soketi yake ni milimita 52, ni bomba tu la chuma lililokatwa pembe na tundu la kupitisha fimbo, kitu rahisi kabisa, na kwa soketi hiyo unaweza kukaza beringi kwa hisia ya mkono, tindo haiwezi kukupa hiyo hisia hata siku moja.

Toki renchi, ile spana unayoipangia nguvu ya kukaza, ninayo moja, nakazia tu sifungulii, na nikimaliza naishusha mpaka namba ya chini ndio naiweka kwenye kasha lake.

Lile boksi la kwanza bado lipo, nimetoa zile 8 na 19 na plaizi moja, mengine nimeyafunga. Wiki hii nabadilisha zile nati za habu zenye makovu, mpya zimeshafika.