Uzoefu wangu na posta ya mji mdogo: barua ya rejista kutoka mlimani hadi Kampala

Nauza vitenge Mpondwe, mpakani na Kongo, lakini nyumbani kwetu ni juu zaidi, kwenye miteremko ya Rwenzori. Mji wetu una barabara moja, duka la dawa, mawakala wa pesa za simu kila kona, na posta yenye dirisha moja. Naandika kuhusu dirisha hilo kwa sababu nasikia watu wakisema lifungwe tu, eti siku hizi kila kitu kiko kwenye simu.

Baba alifariki mwaka jana. Wakili anayetushughulikia mirathi yuko Kampala, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, naye alitaka karatasi zenyewe, picha za simu hakuzikubali. Nilitia cheti cha kifo na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwenye bahasha, nikaipeleka ofisi moja ya mabasi. Haikufika. Kila niliyempigia alinielekeza kwa mwenzake, na kikaratasi nilichopewa kilikuwa na jina langu na neno "bahasha", basi. Ashukuriwe Mungu, hati ya kiwanja mama alikuwa ameikatalia. Aliifunga kwenye leso yake, akaniambia, "Hii haipandi basi. Nenda posta, baba yako alikuwa akienda posta."

Tulihangaika mwezi mzima kupata cheti na barua upya, kisha nikaenda.

Karani aliipima bahasha kwenye mizani, akabandika stempu, halafu kibandiko chenye namba: herufi mbili, tarakimu tisa, na UG mwishoni. Akaniambia, "Mama, nisomee." Nikasoma tarakimu moja moja huku yeye akiandika kwenye daftari lake kubwa, na alipomaliza akanisomea tena kutoka daftarini. Alipogonga muhuri wa tarehe aliikandamiza bahasha kwa kiganja cha kushoto ili wino usitambae. Nilimtazama nikajikuta nimetulia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Siku ya nne wakili akapiga simu: amepokea, ametia saini. Hati ya kiwanja ilikuwamo.

Nililogundua baadaye ndilo lililonigusa zaidi. Huku hakuna tarishi anayebisha hodi, na nyumba zetu hazina namba, kwa hiyo anwani ya mtu ni sanduku la posta. Baba alilipia lake kila mwaka. Nilipolifungua kwa ufunguo wake, ulio kwenye uzi wa katani, nilikuta barua tano, na hata moja haikuwa ya kwetu. Moja ilitoka shule ya sekondari kwenda kwa mtoto wa jirani. Nyingine ilikuwa ya mjane wa bonde la pili. Kumbe baba alikuwa amewapa watu wa mlima mzima anwani yake, na kila Jumamosi akirudi sokoni alipita nyumba hadi nyumba akigawa. Posta ikifungwa, watu hao wataandikiwa barua kwa anwani gani?

Hoja ya simu naielewa. Tangu 2009, pesa za simu zilipoingia Uganda, hakuna anayepanga foleni ya hawala ya posta, hata mimi sipangi. Pesa hupita hewani. Hati yenye muhuri haipiti. Na Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, hata hizo picha za WhatsApp hazikwenda popote.

Wengine husema dirisha halijilipi. Lingejilipaje? Shirika la zamani, UPTC, lilikuwa na barua, simu na benki chini ya paa moja. Lilipogawanywa mwaka 1998 kila upande ukashika njia yake, na barua zikabaki kubeba vijiji bila mapato ya simu. Dirisha la mlimani ukilipima kwa stempu zilizouzwa siku hiyo tu, litashindwa kila siku. Zahanati yetu nayo ingeshindwa kwa kipimo hicho.

Kasoro zipo. Mfanyakazi ni mmoja, akienda kula mlango unafungwa, na nimemwona bibi mmoja akisubiri kwenye ngazi juani. Ada ya sanduku inalipwa mara moja kwa mwaka mzima, jambo zito kwa mtu anayengojea kahawa ikomae ndipo ashike pesa. Ningependa ilipwe kidogo kidogo.

Nyota nne kati ya tano. Ukienda, beba kitambulisho, fika kabla ya saa sita, na usiondoke bila risiti yenye namba. Sanduku la baba nimelilipia mwaka huu. Jumamosi nagawa mimi.