Kisima cha msikitini kwetu Jang'ombe: maji mazuri, kifuniko ndo shida

Naandika kwa wenzangu wa Ng'ambo hapa mjini Unguja, mfereji (bomba la maji) ukikauka mjue pa kwenda. Kwetu juzi siku 4 hata tone, nkachukua madumu mawili ya lita 20 nkenda kisima cha msikiti, kile cha zamani ambacho watoto wa siku hizi wanapita tu hawakijui.

Maji ni baridi kweli, chumvi hamna. Sabuni inagoma kidogo kutoa povu na birika linashika ukoko mweupe, chokaa ya mawe yetu hiyo, haidhuru. Kuna kisima kimoja karibu na pwani nishawahi kuteka, ukipikia chai hainyweki!

Na hii chumvi jamani tuielewe. Unguja maji yetu karibu yote yako chini ya ardhi, mvua ya masika inazama kwenye mawe inakaa juu ya maji ya bahari kwa vile yenyewe mepesi, na hesabu ya wataalamu ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi (yasiyo na chumvi) juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna kama mita 40 nyingine za hayo hayo maji baridi, kwa hiyo ukivuta kwa mota ukashusha ile mita 1, chumvi nayo inapanda kukufata. Ndo mana mzee anaekisimamia nampenda, kakataa kabisa watu kufunga mota, ndoo na kamba basi. Nlipomuomba niteke dumu la tatu kaniambia, "Mwanangu, waachie na wa nyuma yako." Nkamuaga nkaondoka zangu.

Mwaka 2008 umeme ulipokatika kisiwani karibu mwezi, na tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, pampu zililala, mifereji ikawa mapambo. Foleni hapa ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, mama yangu alikuwa ananituma na kata na ndoo nishike nafasi. Kisima hakikukauka.

Sasa kasoro, na hii inaniuma. Kifuniko ni bati lililooza, kamba inalazwa kwenye tope halafu inarudi humo humo ndani, na choo cha nyumba ya pili hakifiki hata hatua 20. Mawe yetu yana mianya, uchafu hauchujwi kama kwenye mchanga, unateremka tu, na kipindupindu sote tunakijua kilivyotuondolea watu. Mimi ya kunywa nachemsha mpaka yatokote sawasawa, ya kuogea na kufulia nachukua hivyo hivyo.

Bei hakuna, kuna kopo la ukarabati pembeni, tia chochote. Nendeni baada ya laasiri, asubuhi watu wengi.

Nakipa nyota 4 kati ya 5. Fundi seremala nishamwambia, anakuja kupima kifuniko Ijumaa baada ya sala, mwenye mbao nzuri aje nayo.